Si kila mzee asahauye amesahau

KATIKA mabaraza yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, kuna hukumu moja itolewayo upesi kuliko zote. Mzee akiulizwa neno mara mbili asijibu, au akipewa salamu asizifikishe, wenzake hutazamana, kisha mmoja hutikisa kichwa na kusema, "Mzee fulani siku hizi keshaanza kusahau." Basi kesi imekwisha. Toka siku hiyo kila alifanyalo huhesabiwa kuwa ni kusahau. Akipoteza miwani amesahau, akipita bila kuamkia amesahau, na hata akiondoka bila kulipa kahawa watu husema masikini amesahau, ilhali huenda hakutaka kulipa tu.

Nataka kulichambua neno hili kidogo. Kusahau maana yake ni kwamba jambo liliingia kichwani kisha likatoka, au likajificha mahali lisipoonekana. Lakini yako mambo mengi ambayo mzee hakuyasahau hata kidogo, kwa kuwa hayakuingia. Aliambiwa huku televisheni inapiga kelele, wajukuu wanagombana na muadhini yuko kwenye kipaza sauti. Kabla ya kufika kwenye kumbukumbu kuna mlango, na mlango huo ndio tuuitao nadhari. Twasema mtu ametia nadhari, ametega sikio, au moyo wake uko hapa. Wataalamu wa mambo ya ubongo wameuchunguza mlango huu kwa miaka mingi. Waliyoyapata yafaa yasemwe katika nyumba zetu, kwani ndani yake mna tofauti baina ya mzee aliyezeeka tu na yule aliyeshikwa na maradhi ya Alzheimer, na mna pia mwongozo wa namna ya kukaa na kila mmoja wao.

Chuoni

Mfano wangu ni Maalim aliyenifundisha chuoni. Jina lake sitalitaja, kwani yu hai na watu wake wana heshima yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tulikuwa watoto kama thelathini katika ukumbi wa nyumba yake, tumekaa mkekani, kila mmoja na mahali pake. Huyu yuko kwenye alifu kwa ubao, yule yumo katika juzuu ya Amma, wakubwa wamekaribia kuhitimu. Wote twasoma kwa sauti, tukiyumba mbele na nyuma, na mpita njia asingeweza kuambulia neno katika kelele ile. Naye Maalim ameinamisha kichwa anashona kofia ya viua. Ghafla, bila kuinua macho, angesema, "Wewe huko pembeni, rudia. Umeruka aya." Na kweli mtoto wa pembeni ameruka aya.

Sisi tuliamini kuwa Maalim ana jini amsaidiaye. Baadaye nilijifunza kuwa kuna watu waliokaa kuchungua jambo la namna hiyo hiyo. Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza Colin Cherry aliwavisha watu visikilizio, akapitisha maneno mengine sikio la kulia na mengine sikio la kushoto, akawaambia wayarudie ya sikio moja tu. Waliyarudia vizuri. Lakini walipoulizwa sikio la pili lilisikia nini, hawakuwa na la kujibu. Waliweza kusema kama ilikuwa sauti ya mwanamume au ya mwanamke, na zaidi ya hapo hawakuambulia kitu. Mwaka 1959 Neville Moray naye akatia jina la msikilizaji katika sikio lile lisilotegwa, na wapo waliolinasa. Maana yake ni kwamba bawabu wa nadhari huzuia mengi, lakini jambo likiwa karibu sana na moyo wa mtu huweza kupenya.

Mimi nadhani makosa ya Kurani kwa Maalim yalikuwa kama jina lake mwenyewe. Aliyekuwa akisoma sawa hakumsikia, alimwacha apite pamoja na kelele. Aliyekosea alikuwa kama amemwita.

Bawabu huyu ndiye achokaye kwanza, hata kwa mzee aliye mzima wa afya. Watu hudhani kuwa mzee hawezi kukaza nia, na hilo si kweli. Mpe jambo moja, mahali patulivu, naye atalikalia muda mrefu pengine kuliko kijana mwenye simu mkononi. Tazama wazee katika bao: mtu wa miaka sabini na tano ataziangalia kete saa nzima na hatapoteza hesabu. Kinachopungua ni kasi, na kile kipawa cha kuyazuia yasiyotakiwa. Lynn Hasher na Rose Zacks walitoa rai mwaka 1988 kuwa akili ya mzee haishindwi kuingiza, bali hushindwa kufukuza. Mambo yasiyohusika huingia na kukaa, yakalibana lile linalohusika. Kwa sababu hiyo mzee asemeshwaye arusini, chini ya vipaza sauti, huitikia tu "naam, naam" na kesho hakumbuki aliitikia nini.

Jambo la pili ni kufanya mawili kwa pamoja. Waswahili walilimaliza zamani waliposema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Huko Sweden, mwaka 1997, Lillemor Lundin-Olsson na wenzake walieleza katika jarida la Lancet uchunguzi rahisi usiohitaji mashine yoyote. Walitembea na wazee 58 waliokuwa katika makao ya kulelewa, na njiani wakawaanzishia mazungumzo. Wazee 12 walisimama kila walipotaka kujibu. Katika muda wa miezi sita, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kutembea, ambako kijana hukufanya bila kufikiri, kwa mzee kumekuwa kazi itakayo nadhari, na akiigawa nadhari hiyo kwa maneno, miguu hubaki bila msimamizi. Mwenye kumsindikiza mzee msikitini kwenye vichochoro vyetu, na pikipiki na mikokoteni ikipita, afadhali amwache amalize ngazi kwanza ndipo amweleze habari za mjini.

Ujerumani

Maradhi ya Alzheimer ni jambo jingine, ingawa mwanzoni hufanana na uzee kama pacha. Jina latokana na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mnamo Novemba 1901 alipokea katika hospitali ya Frankfurt mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Bibi huyu alikuwa na wivu usio na sababu, amepotewa na mambo ya nyumbani kwake, na usemi wake umechanganyika. Daktari aliandika kwa mkono maswali aliyomuuliza na majibu aliyoyapata. Faili hilo lilipotea miaka mingi likaja kuonekana mwaka 1995.

Ndani yake kuna kisa kidogo ambacho kwangu chaeleza maradhi haya kuliko vitabu vizima. Daktari alimwonyesha kalamu, ufunguo na vitu vinginevyo, naye akavitaja sawasawa. Kisha akamwambia aandike jina lake, yaani Bibi Auguste D. Akaandika "Bibi", akasimama. Lililofuata lilikuwa limemtoka. Ikabidi aambiwe tena kila neno peke yake. Si kwamba hakujua kuandika, wala si kwamba hakulijua jina lake. Agizo lenyewe halikukaa mkononi hadi kazi imalizike.

Auguste alifariki Aprili 1906, na Novemba mwaka huo huo Alzheimer alisimama mbele ya madaktari mjini Tübingen akaeleza aliyoyaona katika ubongo wake kwa darubini: madoa baina ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, akayaita maradhi kwa jina la daktari huyo. Leo Shirika la Afya Duniani lasema watu milioni 57 walikuwa na dimenshia mwaka 2021, na kwamba Alzheimer ndiyo asili ya asilimia 60 hadi 70 ya hali hizo.

Aghalabu kumbukumbu ya mambo mapya ndiyo huguswa kwanza. Mgonjwa hukumbuka bei ya nazi alipokuwa kijana, asikumbuke kuwa amekwisha kula chakula cha mchana. Lakini nadhari hufuata nyuma yake kwa karibu, na hapo ndipo tofauti na uzee wa kawaida inapojitokeza. Alan Baddeley na wenzake walitoa mwaka 1986 habari za uchunguzi uliofanywa kwa akili sana. Walimpa kila mtu kazi mbili: kufuata alama inayotembea, na kukumbuka mfululizo wa tarakimu. Kwanza waliipima kila kazi kulingana na uwezo wa mtu mwenyewe, ili asiyeweza tarakimu nyingi apewe chache. Kisha wakasema, sasa fanya zote mbili kwa pamoja. Wazee wazima, baada ya kupunguziwa mzigo hivyo, waliweza karibu sawa na vijana. Wagonjwa wa Alzheimer hawakuweza, ijapokuwa kila kazi peke yake walikuwa wameimudu. Walipofuatiliwa baadaye, kazi moja moja ilikaa vile vile kwa muda, bali zile mbili kwa pamoja zilizidi kuwashinda.

Kwa lugha ya sokoni, mzee mzima mpunguzie kikapu, naye atabeba viwili. Mgonjwa hata ukimpunguzia, kimoja kitaanguka.

Baadaye huja ugumu mwingine, wa kubandua nadhari mahali ilipo na kuihamisha. Mgonjwa ameshika kanzu, umemwambia avae viatu, naye angali na kanzu. Watu wa nyumbani huona ukaidi. Kuna sababu ndani ya ubongo: chini ya sehemu ya mbele kuna kifungu cha chembe kilichopewa jina la Theodor Meynert, ambacho husambaza kemikali iitwayo asetilikolini kwenye gamba lote la ubongo. Kemikali hiyo ni kama mafuta ya taa ya nadhari. Mwaka 1982 wachunguzi wa Marekani walieleza jinsi chembe za kifungu hicho zinavyokufa kwa wingi katika maradhi haya. Dawa kama donepezili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, huyazuia mafuta hayo yaliyosalia yasiishe upesi. Humsaidia mgonjwa kidogo kwa muda, wala haiponyi. Mwenye kukuuzia chupa ya kuponya Alzheimer, awe na koti jeupe au kilemba, anakuuzia maji.

Nikirudi kwa Maalim, mambo yalianza kuonekana mwaka 2016, alipokuwa na miaka sabini na kitu. Aya zikarukwa asiseme. Halafu akaanza kukereka na kelele zile zile alizokaa nazo miaka arobaini, akiwaamuru watoto wote wanyamaze asome mmoja, kisha akamsahau aliyemwamuru kusoma. Wazazi walinong'ona, na mmoja mmoja wakaanza kuwahamisha watoto. Ada haikuwa kitu kwake, lakini kila kitabu kilichotoka mkekani pale alikiona.

Ndani ya nyumba wakagawanyika. Shangazi mmoja alishikilia kuwa Maalim ametupiwa jambo na mwenye husuda, akataka aletwe mganga kutoka bara. Mwanawe mkubwa wa kiume alitaka chuo kifungwe mara moja. "Afadhali watu wamkumbuke alivyokuwa," alisema, "kuliko watoto waje kumcheka." Bintiye, aliyekaa naye nyumba moja, hakuyakubali yote mawili. Alimruhusu shangazi amlete mtu wa kumsomea Kurani, kwani kusomewa hakudhuru, lakini mganga wa kuchanja na kufukiza alimkatalia mlangoni. Mwaka 2019 akampeleka baba yake kwa daktari.

Mimi niliwasindikiza. Daktari alianza na jaribio linalotumika pengi, ambalo ni sehemu ya maswali yaliyotungwa na Folstein na wenzake mwaka 1975: toa saba katika mia, kisha toa saba tena, na tena. Maalim akasema tisini na tatu. Kisha akamuuliza daktari kwao ni wapi. Bintiye akasema kwa adabu, "Daktari, baba hakusoma shule ya hesabu. Mjaribu kwa miezi." Na si Januari wala Februari, alitaka miezi tunayoihesabu sisi tangu Ramadhani inapokwisha, kurudi kinyumenyume. Daktari, naye kijana muungwana, akakubali. Maalim akaanza kwa sauti ya kusomesha: Ramadhani, Shabani, Rajabu, Mfungo Tisa, Mfungo Nane. Hapo akanyamaza, akatutazama sote, akauliza alikuwa ameulizwa nini.

Naona bintiye alifanya jambo la maana sana pale. Jaribio lisilolingana na maisha ya mtu huweza kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Lakini jaribio lililolingana naye, alilolijua tangu utoto, nalo likamponyoka katikati, hilo halikuacha shaka kuwa tatizo si elimu. Baada ya vipimo vya damu na picha ya ubongo, jibu likawa lile tulilolihofia.

Alasiri

Bintiye hakukifunga chuo. Alikipunguza. Watoto wote wakahamia kwa mwalimu mwingine mtaani, isipokuwa kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja mtoto mmoja. Mmoja tu. Televisheni ikazimwa, dirisha la upande wa barabara likafungwa, simu zikawekwa chumba cha ndani. Mtoto aliketi mbele ya Maalim, magoti kwa magoti, akasoma polepole. Na Maalim yule ambaye asubuhi aliuliza mara nne kama amekwisha kunywa chai, aliinua kidole kwenye kila kosa. Madda iliyofupishwa aliinasa. Herufi ya ghunna isiyoghunwa aliinasa. Nilikaa pembeni siku moja na msahafu, nikahesabu makosa saba ya mtoto katika ukurasa, naye aliyakamata sita.

Wapo waliomlaumu bintiye kuwa anawachezea watoto wa watu. Yeye alikuwa amekubaliana na wazazi tangu mwanzo, na kila alichokisoma mtoto kwa Maalim alikihakikisha tena kwa yule mwalimu mpya. Lakini kaka yake hakuridhika hata hivyo, na sisemi kuwa hoja yake haina uzito. Kumwonyesha baba mbele ya watu akiwa amepungua si jambo jepesi kwa mtoto. Mimi naelekea upande wa binti. Maalim alipofungiwa chumbani wiki za mwanzo alizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo, na magharibi ikiingia alitaka kutoka aende kwao, ilhali yumo kwao. Alipopewa mtoto mmoja wa alasiri, jioni zake zilitulia.

Mambo hayakusimama hapo. Maradhi haya yana ngazi za kushuka tu. Kufikia mwaka 2022 aliweza kushika nusu ya ukurasa, kisha nadhari ikateleza. Mtoto alifundishwa kuwa Maalim akinyamaza, asimwambie "umesahau", bali arudie aya ya mwisho kwa sauti ile ile. Mara nyingi hiyo ilimrudisha. Siku hizi hasikilizi tena makosa. Mtoto husoma, naye husoma pamoja naye, pengine kwa midomo tu.

Msikitini nako palihitaji mpango. Dini yetu imelijua siku nyingi jambo hili la nadhari kuteleza, hata kwa walio wazima. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Dhul-Yadayn, jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Masahaba wakubwa waliona haya kusema, mpaka mtu huyo alipouliza. Mtume akawauliza wengine, akakamilisha sala, akasujudu sijida mbili za kusahau. Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua kuwa mwenye shaka kama amesali tatu au nne hushika tatu, akaongeza moja, kisha akasujudu kabla ya salamu. Lakini mgonjwa atakayeongeza moja kila mara atasali usiku kucha. Kwa hiyo mjukuu wake alisimama ubavuni mwake, na baada ya hapo Maalim hakuwa na hesabu ya kufanya, alifuata tu. Mgonjwa anapofikia pa kutotambua tena sala ni nini, hukumu yake ni nyingine, na familia na imuulize sheikh wao, isijitungie wala isimlazimishe. Aya ya 70 ya Surat An-Nahl na aya ya 5 ya Surat Al-Hajj zimeutaja umri huo ambao mtu hurudishwa kutojua baada ya kujua. Hatukuja kuusikia kwa Wajerumani.

Kuna mazoea yetu mengine ambayo ningependa yafe. La kwanza ni ule mtihani wa wageni. Mtu hajaonekana mwaka mzima, Idi ikifika huingia na watoto watano, akasimama mlangoni kwenye mwanga hata uso wake hauonekani, akapaza sauti, "Wanijua mimi ni nani?" Mzee hutabasamu, hutafuta, hukosa, na mgeni huondoka akitangaza kuwa mzee kwisha. Jitaje jina. Keti mbele yake, mshike mkono, ngoja akutazame, ndipo useme neno moja, na umwachie nafasi ya kulijibu kabla ya la pili. Bintiye Maalim huwapanga wageni wa Idi wawili wawili, na wanaochukia huwaambia warudi kesho. Kumkaripia mzee kwa kuuliza mara ya tano ni kumwadhibu kwa jambo asilolijua kuwa amelifanya, na aya ya 23 ya Surat Al-Israa imewafungia watoto mlango hata wa kuguna tu mbele ya wazazi.

La pili ni kuyapuuza masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri hutumia nadhari yake yote kuyaokota maneno, hakubaki na kitu cha kuyaweka. Tume ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa katika maisha, ambayo kwa pamoja yanahusika na yapata asilimia 45 ya dimenshia ulimwenguni. Uziwi usiotibiwa umo, na kutoona vizuri kusikotibiwa kumo, pamoja na sukari, shinikizo la damu, sigara na upweke. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Nta iliyojaa masikioni huoshwa kwa dakika chache. Nimepata kusikia mzee aliyeitwa mgonjwa wa akili mwaka mzima, kumbe masikio yake yalikuwa yamezibwa kwa nta.

Ghafla

Limebaki moja, na hili halingoji. Alzheimer huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee ambaye jana alikuwa mzima, au mgonjwa ambaye jana alikuwa na hali yake ya kawaida, na leo hawezi kabisa kushika neno, macho yanazunguka, mara analala mara anapapatika, anaona watu wasiokuwapo, huyo si uzee wala si Alzheimer iliyozidi. Ni hali ambayo madaktari huiita delirio, na chini yake huwa pana jambo jingine: maambukizi ya mkojo au ya kifua, malaria, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya aliyopewa wiki hii. Kwetu hapa ndipo hirizi hutafutwa, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla namna hiyo hufanana sana na mtu aliyepandwa na jini. Katika Ramadhani, hasa ikiangukia miezi ya joto, mzee mwenye sukari aliyeng'ang'ania kufunga aangaliwe kwa jicho kali, na ruhusa ya kufungua ambayo Sharia imempa mgonjwa asinyimwe kwa kuona aibu.

Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile, usiku ukiwa usiku. Daktari atauliza mengi, lakini mwenye kumpeleka asisahau kumwambia kwanza hali hiyo ilianza lini, saa ngapi, na mzee alikuwaje siku ya kabla yake. Achukue pia mkononi dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na zile za miti shamba.